Inaita, Ila Haisikiki: Kuitafuta Simu Iliyo Kimya

Khalti yangu, dada wa mama yangu, wa mtaa wa Mkomani hapa Lamu, si mtu wa kupoteza vitu. Funguo zake zinaning'inia kwenye kango lile lile tangu nikiwa mtoto, na ukimuuliza sindano ya kushonea kofia iko wapi atakutajia kidaka cha ngapi, safu ya ngapi. Kwa hiyo usiku ule aliponiita kutoka juu ya ngazi, "Ndoo, mwanangu, simu siioni, mato yameniuma kwa kutafuta," nilijua kazi ipo. Nikamuuliza swali ambalo kila mtu huuliza: umeipigia? Binti yake alikuwa ameshaipigia mara nne. Nikaipigia ya tano. Ikaita. Kasida aliyowawekea wapigaji ikanisomea sikioni tangu mwanzo hadi ikakatika, na nyumba nzima tuli, hata panya hakuchakura.

"Niliitia sailenti alasiri, nikenda darsa," akasema. "Sikuirudisha."

Simu iliyozimika kabisa haina maneno. Unaitafuta kwa macho na mikono kama unavyotafuta pini. Simu yenye sauti inajitaja yenyewe. Inayowachosha watu ni hii ya katikati, iliyo hai lakini haisemi, kwa sababu wanaipigia, wanaipigia, wakitumaini kwamba ya kumi na mbili itasikika. Haitasikika. Lakini hiyo haina maana kwamba simu haina la kukwambia.

Tuanze na mlio wenyewe. Ile sauti ya kuita unayoisikia sikioni haitoki kwenye simu iliyopotea. Ukipiga, mtandao huiulizia simu kupitia minara ya eneo ilikoonekana mara ya mwisho; simu hujibu kwamba ipo; kisha mtandao wenyewe ndio unaokupigia wewe mlio wa kusubiri, au kasida, au wimbo. Kule iliko, simu imepata taarifa tu kwamba kuna mtu anabisha. Kulia, kutetemeka, kuwaka kioo au kunyamaza ni shauri lake, kulingana na ulivyoiagiza. Ni kama mtu aliyekaa ndani akasikia hodi na asiitike. Wewe mlangoni hujui kama amelala, ameudhika au yuko kwenye swala.

Hata hivyo hodi ile imekupa habari. Ikiita, simu ina chaji, ina mtandao, na haijawekwa hali ya ndege. Ukiambiwa kwamba mteja hapatikani kwa sasa, basi imezimika, au iko mahali pasipo na mtandao, na nusu ya mbinu nitakazozieleza hazitakufaa. Ikiwa iliita saa mbili na saa tatu ikawa mteja, chaji imekwisha au kuna mtu ameizima, na hizo ni hadithi mbili tofauti sana. Ndiyo maana simwelewi mtu anayeipigia simu iliyopotea mara hamsini mfululizo. Kila simu inayoingia inawasha kioo na kutetemesha mashine, na betri iliyobaki asilimia kumi haitaustahimili mchezo huo. Piga mara mbili, kisha kaa ufikiri.

Mara mbili nimesema kwa sababu. Neno "kimya" limebeba mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni kushusha sauti ya kengele mpaka mwisho, kwa kitufe cha ubavuni au kwa kugusa ile alama ya kipaza sauti. La pili ni ile hali ambayo simu zenye Kiswahili huiita Usinisumbue. Hapo kengele yenyewe haijashushwa. Simu imewekewa bawabu tu, naye ameambiwa nani apite na nani azuiwe. Bawabu huyu ana huruma kidogo. Kwenye simu nyingi za Android, mtu yule yule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15 anaweza kupitishwa, kwa hoja kwamba anayerudia huenda ana dharura. Kwenye iPhone ni ndani ya dakika 3. Kwa hiyo kama hukumbuki uliinyamazisha kwa njia ipi, mwambie mtu mmoja apige, akate, apige tena hapo hapo, kwa namba ile ile. Watu wanne wakipiga kwa zamu kutoka simu nne wanaiharibu nafasi hiyo, maana kila mmoja anahesabiwa mgeni. Ikiwa sauti ilishushwa kwa kitufe, kurudia hakutasaidia. Khalti alishusha kwa kitufe. Tulijaribu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba simu haina sauti moja. Ina sauti ya kengele za kupigiwa, ina sauti ya muziki na video, ina sauti ya alamu, na kila moja ina kipimo chake. Ukishusha ya kengele, ya alamu hubaki pale ilipo. Ndiyo maana simu iliyonyamazishwa wakati wa Ijumaa bado itakuamsha alfajiri ya Jumamosi, na kwenye iPhone ni vivyo hivyo. Mwenye alamu ya alfajiri kila siku, kama alivyo khalti wa saa kumi na nusu, ana njia isiyohitaji ujuzi wowote: alale, halafu asikilize. Kizuizi ni pale alamu ilipowekwa kwa siku maalumu tu, au mtu alipochagua ule ukimya wa jumla wa Usinisumbue, ambao huzima hata alamu. Simu ndogo za batani, hizi kabambe zetu, nazo hulia alamu zikiwa kimya. Nokia za zamani zilipita hapo: ile Nokia 1100 ya 2003 yenye tochi, na ndugu zake, hata ukiizima kabisa ilikuwa ikifika saa uliyoitegesha inajiwasha kukupigia kelele. Siku hizi tuna simu za bei ya ng'ombe ambazo hilo zimeshindwa.

Binafsi ningelala. Khalti hakutaka kusikia. Mumewe alikuwa Mombasa na humpigia saa tatu kila usiku, na asiyepokea simu ya saa tatu ana maelezo ya kutoa kesho yake.

Basi tukaingia kwenye mtetemo. Ndani ya simu mna mota ndogo, mara nyingi yenye kijiuzani kisicho sawa upande mmoja, au kipande kinachokwenda na kurudi juu ya springi. Peke yake ile mota ni dhaifu mno. Kinachokuletea ule mngurumo ni kitu simu ilichokilalia. Iweke juu ya meza ya mbao au ndani ya sinia tupu na chombo kizima kinakuwa ngoma. Iweke juu ya godoro la sufi, au ndani ya msala uliokunjwa, au katikati ya leso zilizopangwa kabatini, na mtetemo unamezwa pale pale. Kwa hiyo kutosikia mngurumo nako ni habari: simu haiko juu ya kitu kigumu. Hapo unaweza kuziruka meza, rafu na sakafu, ukaenda kwenye vitu laini: mifuko ya kanzu zilizoning'inizwa nyuma ya mlango, mito, nguo za kufua, kapu la kofia.

Lakini lazima usikilize vizuri, na nyumba za Lamu hazimsaidii msikilizaji. Kuta ni za matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba chumba cha pili ni kama nyumba ya jirani. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa zaidi ya kama mita tatu. Sauti ikitoka ndani ya chumba cha namna hiyo hugonga chokaa ngumu, ikarudi, ikagonga tena, na ule mngurumo wa mota ni mzito. Mlio mzito hausemi umetoka upande gani kama unavyosema mlio mkali wa ndege. Unasimama katikati unaapa kwamba mlio uko kushoto, mwenzako anaapa kulia.

Namna iliyotusaidia ni hii. Tulizima pangaboi. Tukachomoa friji kwa dakika tano. Tukawaamuru watoto wakae na wafunge midomo, jambo lililochukua muda kuliko mengine yote. Kisha kila mtu akasimama chumba chake, mmoja akapiga, na tukasubiri mpaka ikakatika yenyewe, bila kutembea wala kuulizana "wasikia?" Wengine tuliweka viganja juu ya milango na makabati, kwa kuwa kiganja huhisi mtetemo ambao sikio limeukosa. Katika raundi ya pili punda alilia kichochoroni, na punda wa Lamu hana sailenti. Raundi ya tatu tukapata ukimya wa kweli. Hatukusikia kitu.

Tukazima taa. Simu nyingi zikipigiwa huwasha kioo hata zikiwa kimya, na kwenye giza mwanga mdogo unatoka kwenye ufa wa droo au chini ya uvungu. Ukijaribu hili funga madirisha kwanza, usubiri dakika moja macho yazoee, halafu ndipo mtu apige. Wakipiga kabla macho hayajazoea mnapoteza chaji bure. Kama simu imelala kifudifudi hutaona chochote. Nasi hatukuona chochote.

Hapo kijana wa nyumba, mwanawe khalti wa kidato cha tatu, akasema lile ambalo vijana wote husema: si tuitafute kwa Google?

Ana haki, na inafaa nieleze vizuri kwa sababu hii ni njia iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya simu kimya. Apple walianza mwaka 2009 na huduma yao ya kuitafuta iPhone. Google walifuata 2013. Jina lao limebadilika mara kadhaa, na tangu 2025 linaitwa Find Hub. Zote zina amri ya kuiliza simu, na amri hiyo haipiti mlango wa kengele. Simu ya Android hulia kwa sauti ya juu kabisa kwa dakika tano, iwe kimya, iwe imewekwa kutetemeka tu, mpaka mtu aishike na kuifungua. Unaingia kwa simu ya mwenzako au kompyuta, kwa akaunti ile ile iliyomo kwenye simu iliyopotea, unabonyeza, basi.

Basi, kama mambo manne yote yapo. Simu iwe imewashwa. Iwe imeingizwa akaunti. Iwe na intaneti kwa saa hiyo, bando au waifai. Nawe uijue nywila.

La nne ndilo linalowaangusha watu wazima wengi ninaowajua. Simu ilinunuliwa dukani, kijana wa dukani akafungua akaunti mwenyewe kwa haraka, akaandika nywila iliyomjia kichwani, akakukabidhi simu ikiwa tayari ina WhatsApp. Ni miaka mitatu sasa. Nywila anaijua yeye, kama naye anaikumbuka. Simlaumu sana kijana. Nani alimwomba aiandike? Na ambaye anaijua nywila anaweza kukwama kwa jambo la kuudhi zaidi: Google humtaka athibitishe kuwa ni yeye, na uthibitisho unatumwa kwenye simu ile ile anayoitafuta. Dawa yake ni zile namba 10 za akiba, za tarakimu 8 kila moja, ambazo Google hukuruhusu kuzitoa mapema ukazichapa au kuziandika. Apple wao wameliona tatizo, na kwenye ukurasa wao wa kutafutia hawakudai namba ya uthibitisho; nywila inatosha.

Akaunti ya khalti ilifunguliwa dukani. Hakuna aliyeijua nywila. Lakini tulikuwa hatujafika hata huko, kwa sababu la tatu nalo lilikuwa mashakani. Khalti huzima data kila akimaliza kuitumia, kama wanavyofanya watu wote wanaonunua bando kwa pesa zao wenyewe.

Kuna njia rahisi ya kujua kama simu iliyopotea ina intaneti: itumie ujumbe wa WhatsApp. Tiki moja maana yake ujumbe umeondoka kwako na haujafika kwake. Tiki mbili, hata zikiwa za kijivu, umefika. Simu iko hewani. Binti akaandika "Asalaam aleikum mama". Tiki moja. Kwa hiyo tulikuwa na simu inayoita lakini haina intaneti, na hali hiyo, nadhani, ndiyo ya simu nyingi za pwani hii usiku. Tangu 2024 Google wameweka pia mtandao wa simu zinazoonana kwa Bluetooth, ili simu isiyo na intaneti iripotiwe na simu za watu wanaopita karibu. Lakini inavyokuja kutoka dukani hungoja kwanza ionwe na simu kadhaa, mahali penye watu wengi. Usita wa Mui, njia kuu ya mji, saa nne asubuhi, sawa. Kichochoro cha Mkomani baada ya isha, pana paka.

Kijana ndipo akafanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Kila usiku mama yake hutazama mawaidha kwa hotspoti ya simu ya kijana huyu. Akaiwasha.

Ukilitazama vizuri utaona akili yake. Kuzima data hakuzimi waifai. Simu ambayo waifai yake iko wazi hutafuta kila wakati mitandao inayoijua, na ikiiona hujiunga bila kumuuliza mtu. Hotspoti yoyote ambayo simu iliyopotea imewahi kuitumia inaweza kuiingiza mtandaoni. Hata kama mwenye hotspoti ile hayupo, ukiipa hotspoti yako jina lile lile na nywila ile ile, herufi kwa herufi, itakubali. Tukakodoa macho. Baada ya muda mfupi kioo cha kijana kikasema kifaa 1 kimeunganishwa, na ile salamu ya binti ikapata tiki ya pili.

Tungekuwa na nywila ya Google, makala hii ingeishia hapa. Hatukuwa nayo. Lakini tulikuwa tumepata kitu kingine: hotspoti ya simu haifiki mbali, na kupitia ukuta wa matumbawe hudhoofika zaidi. Kifaa 1 kimeunganishwa maana yake simu haikusahaulika kwenye darsa wala kuibwa. Iko hapa. Tena tulikuwa na kipimo mkononi. Kijana akaanza kutembea nayo kama watoto wanavyocheza kibe, akitazama lini kifaa kinapotea. Jikoni, upande wa nyuma, kikapotea. Akasubiri, akarudi sebuleni, kikarudi. Akashuka ngazi hadi daka la mlangoni, akatoka nje kichochoroni, nasi juu tukimfuata kwa sauti: "Bado kiko?" "Kiko!" Kiko nje, jikoni hakiko. Tukakubaliana wote kwamba simu imeanguka chini mlangoni, na dakika kumi zikaishia kumulika mabaraza ya majirani kwa tochi, na maelezo kwa kila aliyepita.

Tulikosea kusoma. Mawimbi haya hayapimi umbali kama futi kamba. Yanapita penye uwazi na kukwama penye kizuizi. Simu iliyo karibu na dirisha la ghorofani inaweza kumwona mtu aliye kichochoroni chini yake kuliko inavyomwona aliye jikoni nyuma ya kuta mbili. Sufuria, tangi la maji, hata miili ya watu huyapunguza. Unapotafuta kwa hotspoti, au kwa spika ya Bluetooth iliyozoeana na simu, usijiulize uko mbali kiasi gani tu. Jiulize pia kati yako na hiyo simu pana nini.

Niseme neno juu ya ramani, kwani kuna jamaa huziamini kuliko wanavyoamini macho. Satelaiti za GPS ziko zaidi ya kilomita 20,000 juu yetu na mawimbi yake yakifika yamechoka. Uwanjani mbele ya Ngome utapata mahali pako kwa mita chache. Ndani ya nyumba ya mawe simu huyakosa na kubahatisha kwa minara na waifai za jirani, ndipo inakuchorea duara. Katika mji huu wa kale ulioshikamana, ambao UNESCO waliuandika kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, duara dogo tu linafunika nyumba tano, tena bila kukwambia ghorofa. Ramani itakufaa kwa swali kubwa: iko nyumbani, msikitini, au kijiji cha jirani cha Shela? Na ukiiona inatembea, ulizia punda. Simu iliyoponyoka ndani ya shogi pamoja na mchanga wa ujenzi huweza kufika Shela kabla ya mwenyewe hajajua.

Kilichobaki kilikuwa saa. Mtu akikuuliza uliiacha wapi simu, akili hujibu kwa mazoea: kidakani, kama kawaida. Hukumbuki kuiweka kwa sababu hukuiweka kwa makusudi. Mkono uliitua wakati mawazo yako yapo kwenye kitu kingine. Lakini ukiulizwa ulikuwa unafanya nini saa fulani, kumbukumbu hufunguka. Uzuri ni kwamba saa ya mwisho ya simu yako imeandikwa kwenye simu za watu wengine. Aliyezungumza nawe anayo, uliyemtumia ujumbe anayo, kwenye WhatsApp ameandikiwa ulionekana mara ya mwisho lini kama hukuficha. Na uliyemlipa kwa M-Pesa ana ujumbe wenye tarehe, saa na dakika.

"Leo umemlipa nani?" nikamuuliza.

"Sikumlipa mtu. Kijana wa mofa tu."

Kijana wa mikate alikuwa bado kwenye jiko lake mwisho wa kichochoro. Mwana akakimbia, akarudi na jibu: saa 6:21 jioni, ndiyo kumi na mbili na dakika ishirini na moja yetu. Khalti akatulia. Saa hiyo alikuwa dirishani. Ameteremsha kikapu kwa kamba kama desturi, kijana amekitia mikate, yeye kamtumia pesa pale pale, kavuta kikapu. Mofa ni ya moto, inahitaji mikono miwili. Na adhana ya maghribi ndio inaanza.

Hakumaliza kueleza. Binti alikuwa ameshafika dirishani, akavuta ile kamba. Kikapu cha ukili kilikuwa kinaning'inia nje kwenye kango lake, juu ya vichwa vyetu wakati wote tuliokuwa tukimulika mabaraza, na simu ndani yake, imelala juu ya kipande cha gazeti. Kimening'inia hewani: hakigusi ukuta wala mbao, mtetemo uende wapi? Mwanga nao uliishia ndani ya ukili. Upande wa kichochoroni, hotspoti ikikiona wazi.

Simu zisizopokewa 38. Thelathini na saba zetu, moja ya saa tatu kamili.

Alipokuwa akimpigia mumewe nikaandika pembeni mambo ya kutengeneza. Tubadilishe nywila ya Google kutoka ndani ya simu yenyewe na kuiandika kwenye kile kitabu cha hesabu zake, pamoja na zile namba kumi. Tujaribu kuiliza kutoka simu ya binti ikiwa mezani mbele yetu, maana kifaa kisichojaribiwa siku ya raha hakifai siku ya shida. Waifai ibaki wazi hata akizima data. Kwenye kioo cha kufungia tuandike namba ya binti, kwa atakayeiokota. Angekuwa na iPhone ningemwekea mumewe ile ruhusa ya dharura, ambayo hufanya simu ya mtu mmoja ilie hata ikiwa kimya. Zipo pia programu za Android zinazongoja ujumbe mfupi wenye neno la siri kisha zikailiza simu bila intaneti yoyote, na kwa watu wa bando hizo zina maana. Ila zinaomba kusoma ujumbe wako wote, zikiwemo za benki, na mimi bado sijapata moja ninayoweza kumwekea khalti kwa moyo mweupe.

Kama ingekuwa mteja tangu mwanzo, au kijana wa mofa angekuwa mtu wa mwisho kwenye njia ya kwenda mbali, ushauri ungekuwa mwingine: piga huduma kwa wateja kwa simu ya mwenzako ufunge laini na M-Pesa kwanza, kutafuta baadaye, na utoe zile tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, zilizo kwenye boksi upeleke polisi. Boksi la khalti lina vifungo na zipu za cherehani, lakini namba ingali inasomeka.

Akamaliza kuzungumza, akanipa simu nizifanye hizo kazi zangu. Nilipoanza kuipandisha sauti akanizuia mkono.

"Iwate vivyo hivyo. Kesho asubuhi nina hitima."